Uso Mtupu, Uso wa Rangi: Kipi Kinaficha Zaidi?

Msimu wa sendofu na harusi ukifika, kuanzia Ringwani hadi Mugumu, na ukivuka Mto Mara kuelekea Nyamongo na Tarime mjini, ubishi mmoja hauishi: bi harusi apakwe nzito au nyepesi? Nzito ni ile ya nyusi zilizotindwa kisha zikachorwa upya, kope za bandia, kingo za pua zilizotiwa kivuli na mdomo wa rangi ya damu ya mzee. Nyepesi ni ile inayomwacha mtu aonekane kama aliyenawa tu uso akatoka. Watu hubishana kana kwamba ni suala la tabia, mmoja akimwona mwenziwe mshamba na mwenziwe akimwona yeye amepotoka. Hapa nawapa nafasi watatu wanaobishana hivyo, wazungumze kwa nguvu zao zote, kisha nimjibu kila mmoja. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiwepo wa kusema nimemvizia: katika mambo ya urembo, kinachojiita cha asili ndicho kinachostahili kuulizwa maswali mengi zaidi, na sisi tumekuwa tukikiuliza machache kuliko vyote.

Aanze mtetezi wa uso mtupu. "Uso ni kitambulisho," anasema. "Binti akipakwa mpaka mama mkwe akamtazama mara mbili ndipo amtambue, hiyo si harusi, ni maigizo. Na si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, na marufuku ikaanza Januari 1969. Septemba 2018 Spika Job Ndugai aliwazuia wabunge wanawake kuingia bungeni na kope na kucha za bandia, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Dokta Faustine Ndugulile, kueleza madhara yake. Miaka hamsini imepita, maneno ni yale yale. Taifa zima linawaambia: rudini kwenye sura zenu."

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Gundi ya kope ikiingia jichoni hujeruhi kweli, na aliyetoa hoja ya afya bungeni hakuwa akipiga porojo. Lakini turudi kwenye orodha ya 1968 tuisome taratibu. Sketi fupi imewekwa pamoja na krimu ya kujichubua. Wigi, kitu kinachovuliwa na kutundikwa msumarini, kimewekwa pamoja na dawa inayoingia kwenye ngozi, ikapita hadi kwenye damu. Waliotunga orodha ile waliangalia jambo moja tu: je, mtu huyu anaonekana kama sisi? Kwa kipimo hicho, wigi na mkorogo ni kosa moja. Kwa kipimo cha mwili, havifanani hata kidogo. Na kipimo kile kibovu bado tunacho. Binti akija kanisani na mdomo mwekundu, wazee watamkalisha chini. Akija na uso uliokwajuka kwa krimu ya miezi sita, bila hata tone la poda, watamsifu kwamba siku hizi anajitunza.

Mtetezi wa rangi anadakia. "Nani amewaambia kwamba bibi zetu walikaa uso mtupu? Wakurya walitoga masikio wakayapanua mpaka ndewe zikaning'inia, wakavaa shanga na mapambo mazito. Jirani yetu Mmasai anajipaka ngeu nyekundu kichwani na mabegani, unamwona tangu upande wa pili wa bonde. Pwani, bi harusi hachoki kuchorwa hina mikononi na miguuni, na wanja machoni ni jambo la kawaida tangu enzi na enzi. Urembo wa kwetu haujawahi kuwa wa kujificha. Mimi nikipaka rangi, unaiona. Sikudanganyi kwamba nilizaliwa nayo. Huyo wa nyepesi ndiye anayekudanganya, maana amepaka vitu vile vile kisha anakuambia hakupaka."

Hapa namuunga mkono karibu kwa yote. Uso "usiopakwa" wa bi harusi wa leo una mafuta ya kulainisha chini, fondesheni juu yake, kifuta madoa chini ya macho, poda ya kukausha, wanja wa kahawia badala ya mweusi, na rangi ya mdomo iliyochaguliwa kwa saa nzima ili ifanane na mdomo. Kazi ni ile ile, pengine ngumu zaidi, kwa sababu kosa dogo linaonekana. Na neno asili lina shida nyingine ambayo mafundi wa saluni wanaijua kuliko wanavyoisema. Fondesheni nyingi zinazofika kwenye minada yetu zilichanganywa kwa ngozi nyepesi kuliko ya msichana wa Ringwani. Fundi akikosa rangi yake, anachukua iliyo karibu, ambayo ni hatua mbili juu. Ndani, chini ya taa ya njano, inapita. Bi harusi akitoka juani, uso unakuwa wa kijivu kama aliyepakwa majivu, na shingo inabaki na rangi yake. Picha ikipigwa kwa flashi usiku, ile titani dioksaidi iliyomo kwenye poda inarudisha mwanga, uso unang'aa mweupe peke yake. Hiyo ndiyo inayouzwa kama nyepesi, ya asili. Mabadiliko makubwa duniani ni ya hivi karibuni: Septemba 2017 kampuni ya Rihanna, Fenty Beauty, ilipoingia sokoni na fondesheni za rangi 40, kampuni nyingine nyingi zikaharakisha kuongeza weusi kwenye orodha zao. Kabla ya hapo, mara nyingi mwanamke mweusi sana aliambiwa avae asili ya mtu mwingine.

Hata hivyo, mtetezi wa rangi na mtetezi wa uso mtupu wote wawili wanapigania kitu kinachoondoka kwa maji na sabuni. Saa nne usiku bi harusi ananawa, na ubishi wote unaishia kwenye beseni. Mtu wa tatu ndiye anayebeba jambo lenyewe, naye kwa kawaida hakai kwenye mabishano haya. Ni mwenye duka.

"Mimi nauza kinachotakiwa," anasema, "na wateja siku hizi hawataki rangi, wanataka asili. Wanataka ngozi laini, isiyo na chunusi, yenye mwanga wake wenyewe. Ninayo krimu ya papai, ya karoti, ya limau. Sijawahi kumlazimisha mtu. Ushahidi ninao: dada wa jirani alikuwa na madoa usoni, wiki mbili tu akatakata. Picha ya kabla na ya baada ziko kwenye simu yangu. Yule anayezisifia kwenye video huko Dar es Salaam naye ametumia mwenyewe, anaonyesha uso wake. Mnataka ushuhuda gani tena?"

Huyu simjibu kwa kumwita tapeli, kwa sababu pengine kila alichosema ni kweli. Dada wa jirani alitakata kweli. Wa kwenye video naye alipaka kweli. Shida iko kwenye siku ambayo ushuhuda ulitolewa. Zebaki, ambayo huweza kufichwa ndani ya krimu kama hizo, ikipakwa kwenye ngozi huzuia kutengenezwa kwa melanini, ule weusi unaotukinga na jua, na ngozi huanza kupauka ndani ya wiki chache. Klobetasoli, steroidi kali ambayo daktari huiandika kwa muda mfupi kwa ugonjwa wa ngozi, ikichanganywa kwenye krimu huzima chunusi na wekundu kwa siku kadhaa tu, kisha ukiiacha vinarudi kwa hasira, na ukiiendeleza ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya krimu hizi, hung'arisha mwanzoni. Ikitumiwa miaka, huweza kuleta weusi wa bluu usioondoka, kama ulivyoripotiwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1970, nchi iliyokuja kuzipiga marufuku krimu hizo mwaka 1990. Kwa hiyo kitu kibaya kuliko vyote ndicho kinachopata ushuhuda mzuri kuliko vyote, mradi mtoa ushuhuda azungumze mapema. Maneno "siku saba tu" kwenye kopo, ambayo mnunuzi huyasoma kama sifa, kwa anayejua kazi ya dawa hizo ni dalili ya hatari.

Na hapo ndipo tofauti ya nzito na nyepesi inapopata maana, si ya tabia bali ya muda. Rangi ya mdomo unaweza kuihukumu siku hiyo hiyo. Ipake asubuhi, kunywa chai, tembea juani mpaka mnadani na vumbi lake, jioni jitazame: imebaki, imekauka, imepasuka, imehamia kwenye meno? Hukumu imekamilika. Fondesheni nayo ipe saa sita za jasho, uone kama inabadilika rangi. Anayesifia vitu hivi dakika tano baada ya kupaka amefanya kazi nusu, lakini nusu iliyobaki ni ya jioni moja. Krimu ya kubadilisha ngozi yenyewe, hukumu yake ni ya miaka. Sisi tunavipima vyote viwili kwa video ya dakika moja, kisha tunakipa alama nyingi kile kilichohitaji muda mrefu zaidi.

Watu wa wilaya za Tarime na Serengeti wana ujuzi mmoja ambao wengine hawana, nao ungeweza kuwaokoa kama wangeuleta kutoka mgodini hadi kwenye meza ya kujipambia. Kijana yeyote aliyeosha mchanga kwenye machimbo madogo upande wa Nyamongo anaijua zebaki kwa macho. Anajua inavyoteleza kama kitu hai, inavyokimbilia dhahabu na kuikumbatia mpaka mavumbi yakawa donge jeupe, na kwamba donge hilo likichomwa, moshi wake si wa kuvuta. Sasa chukua kopo la krimu ya kung'arisha, geuza nyuma, soma maelezo madogo. Shirika la Afya Duniani limetaja alama hii miongoni mwa dalili za krimu yenye zebaki: maelezo yanayomtaka mtumiaji asiruhusu krimu iguse dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira. Kwa nini krimu ya papai iogope pete? Mchimbaji anajibu bila kwenda shule: kwa sababu ndani yake kuna kile kile anachokitia kwenye karai lake. Mume anavaa buti na kutafuta upepo anapochoma donge. Mke, nyumba hiyo hiyo, anapaka kemikali ya ukoo ule ule usoni asubuhi na jioni, anamkumbatia mtoto. Marekani, katika majimbo ya California na Virginia mwaka 2010, wachunguzi walikuta zebaki katika miili ya watu wa nyumbani ambao hawakuwahi kupaka krimu hiyo. Walikuwa wakiishi tu na anayepaka. Kiungo kinachobeba mzigo huo zaidi ni figo, na figo haina kioo cha kujitazama.

"Ngoja," anasema tena mtetezi wa uso mtupu, ambaye sasa ameona upenyo. "Unaizungumzia krimu kana kwamba rangi ni salama. Piko je?"

Ni pingamizi la haki, na ni lazima likubaliwe. Piko nyeusi inayochorwa mikononi mwa bi harusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na inaweza kuunguza ngozi ikaacha malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Wanja wa manga, ule wa jiwe linalosagwa, mara nyingi ni galena, na galena ni madini ya risasi. Kuwapaka watoto wachanga machoni ni jambo la kuachwa kabisa. Hivyo sisemi nzito ni salama. Nasema kwamba nzito inajulikana ilipo. Mkono ukivimba baada ya piko, kila mtu anajua kilichotokea na siku iliyotokea, na ukimpa dada tone la kujaribia nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko siku kadhaa kabla ya harusi, huenda ukajua mapema. Krimu ya asili haitoi nafasi hiyo. Inaleta uzuri kwanza, inaleta deni baadaye, na deni likija mtu hakumbuki alikopa wapi. Tena, hata katika piko na wanja, kosa limejificha nyuma ya neno lile lile: ni mimea, ni jiwe, ni vya tangu zamani, ni vya asili. Risasi nayo ni ya asili. Zebaki nayo inatoka ardhini.

Mwenye duka ana pingamizi lake pia: serikali ipo. Shirika la Viwango, TBS, ndilo lenye kazi ya vipodozi tangu mwaka 2019, lilipoichukua kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimo katika orodha ya viambato vilivyokatazwa. Kama krimu iko mnadani, basi imepita. Natamani ingekuwa hivyo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, ule uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwaangamiza watu kupitia samaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki, kwa kiasi chochote kile kilichotiwa makusudi, vikomeshwe ifikapo 2025. Sheria imeshatangulia. Lakini mkaguzi hakai kwenye kila mnada wa Jumamosi, na Sirari, mpakani na Kenya, si mbali. Mzigo unaopita mpakani kwa njia za panya ukiwa ndani ya mfuko wa nguo haupimwi maabara. Ndiyo maana neno la mwisho, siku ya kununua, linabaki kwa yule anayesifia na yule anayesikiliza. Fundi wa saluni wa Mugumu ana nguvu kuliko tangazo la redio. Akisema "hii nzuri", makopo kumi yanauzwa kabla jua halijazama. Basi naye ana wajibu wa mkaguzi, apende asipende, na wajibu huo unaanza na jambo dogo ambalo Marekani imeliwekea mwongozo tangu 2009 kwa wanaosifia bidhaa mtandaoni: sema kama umelipwa au umepewa bure. Kwetu pengine hakuna anayelipwa. Kuna faida ya shilingi elfu mbili kwenye kila kopo, na hiyo pia isemwe.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, nalo halitoki kwa hao watatu. Ni la mwanamke mwenyewe, anayeuliza: mwili ni wangu, kwa nini mnanijadili? Mwaka 2011 Kelly Lewis na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Dar es Salaam kwa kuzungumza na wanawake 42 waliokuwa wakijichubua. Sababu walizozitoa zingewashangaza wanaodhani ni ulimbukeni tu. Wengine walitaka kuondoa chunusi na vipele. Wengine walitaka ngozi laini. Wapo waliotaka weupe, waliotaka kumridhisha mume, waliotaka kuwapendeza wenzao. Na wapo waliokuwa wakiendelea kupaka ili kuficha madhara ya kupaka kwenyewe, yaani wamefika mahali ambapo dawa na ugonjwa ni kopo moja. Anayewacheka watu hawa barabarani, "uso fanta, miguu kokakola", anayetazama vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi akanyoosha kidole, anamsukuma mtu arudi dukani kununua kopo la pili. Ukisoma tena sababu zile, utaona kwamba nyingi ni haja za kweli zilizojibiwa na mtu asiyefaa. Mwenye vipele alihitaji mganga wa zahanati. Aliyeoa mwanamke mweusi kisha akaanza kumlilia weupe anahitaji kuambiwa ukweli na watu wake. Na mwenye madoa anayetaka kung'ara siku moja ya harusi yake, huyo alihitaji fondesheni nzito ya rangi yake na fundi mwenye mkono mwepesi. Hapo nzito ingekuwa huruma.

Kipodozi kikitengenezwa kwa kumwangalia mtu atakayekitumia, matokeo yanaonekana. Mfano upo hapa hapa Tanzania. Kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wanaoipata hufuatiliwa ngozi zao kliniki baada ya kuitumia, si siku wanapolifungua kopo. Haiahidi weupe wala weusi. Inaahidi kwamba jua la Ikweta halitamla mtu ngozi. Krimu inayotambulishwa kwa kazi yake, ikapimwa kwa muda wake, juu ya ngozi iliyokusudiwa: sijui kwa nini tukubali kidogo kuliko hicho kwa kopo linalouzwa mnadani.

Kwa hiyo, dada unayepaka watu Ringwani, na wewe wa Mugumu na Tarime ambaye wateja wanakuamini kuliko daktari: mpake bi harusi nzito akitaka nzito, nyepesi akitaka nyepesi, na wazee waachie ubishi wao. Ukisifia krimu, mwambie mteja umeitumia kwa muda gani na unapata nini ukiiuza. Msomee viambato; kama vimeandikwa kwa lugha usiyoijua, au havijaandikwa kabisa, usiiuze. Na kopo likikuambia uvue pete kabla ya kupaka, lirudishe ulikolinunua.